MAJI KWA MWENYE KIU, MIZANI KWA MWAMINIFU

Somo la Ijumaa: Namna ya kuwasaidia wanaokimbia vita



Himidi na shukrani ni za Mwenyezi Mungu, aliyetuumba na anayeturuzuku sisi na wageni wetu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ambaye mwenyewe alihama mji wake usiku akiwakimbia waliotaka kumuua, akapokewa na watu wa Madina.

Ama baada ya hayo. Somo letu la leo linahusu jambo tunalolijua sote hapa Kibumba kwa macho yetu na kwa miguu yetu. Sisi tumepokea wakimbizi, na sisi tumekuwa wakimbizi. Basi msomaji wa karatasi hii asidhani anasomewa habari za watu wengine.

1. TULIYOYAONA MWAKA 1994

Vijana wengi waliomo msikitini leo hawakuwa wamezaliwa. Tuwaeleze.

Kuanzia Aprili 1994, kwa muda wa siku kama 100, Rwanda ilikuwa na mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, na pamoja nao waliuawa Wahutu waliokataa kushiriki. Serikali iliyosimamia mauaji hayo iliposhindwa vita, watu wengi walikimbia upande wetu. Kati ya tarehe 14 na 18 Julai, zaidi ya watu 800,000 walivuka mpaka kuingia Goma na vijiji vyake. Walikuja na magodoro kichwani, masufuria, mbuzi, na watoto mgongoni. Walipangwa katika kambi za Mugunga, Katale, Kahindo, na hapa kwetu Kibumba. Kambi ya Kibumba peke yake ilikaribia watu 200,000.

Nyinyi mnaijua ardhi yetu. Inaotesha kabichi, viazi na maharage kuliko nyingine, lakini haina mto wala chemchemi. Mvua inaponyesha, maji yanazama ndani ya mawe ya volkano yasionekane tena. Sisi wenyewe tunaishi kwa kukinga maji ya paa. Basi watu 200,000 wakawekwa juu ya jiwe lisilo na maji, katika baridi ya mlimani, wakiwa hawana hata bashi la kujifunika. Kuchimba choo hakukuwezekana. Kuchimba kaburi hakukuwezekana pia, mpaka wanajeshi wa Ufaransa wakaleta mashine na kuzika watu kwa pamoja, mamia katika shimo moja.

Kolera ilithibitishwa tarehe 20 Julai. Madaktari waliohesabu baadaye walisema kwamba katika mwezi wa kwanza walikufa karibu watu 50,000 katika eneo la Goma, kwa kolera na kuhara damu. Na walisema jambo jingine ambalo mimi silisahau: katika wiki ya kwanza, maji safi yaliyogawiwa hayakufika hata nusu lita kwa mtu mmoja kwa siku. Nusu lita, ndugu yangu! Wewe unatumia zaidi ya hiyo kwa udhu mmoja usipokuwa mwangalifu.

Baadaye msaada uliingia kwa nguvu. Wanajeshi wa Marekani walisafisha maji ya Ziwa Kivu, na malori ya matangi yakayapandisha mpaka huku. Mashirika yakaweka matangi na mabomba, vifo vikapungua. Tunawashukuru waliofanya hivyo, kwani asiyewashukuru watu hajajua kumshukuru Mola wake.

Na tuseme ukweli juu yetu wenyewe. Wapo wenyeji waliotoa. Wapo akina mama waliowachukua watoto waliookotwa barabarani karibu na maiti za wazazi wao, na watoto waliobaki peke yao katika kambi za Goma walipita 10,000. Lakini wapo pia waliouza maji. Waliuza bidoni moja kwa blanketi la mtu anayetetemeka. Kila mtu na aulize nafsi yake na wazee wake.

2. SWALI LILILOTUGAWANYA

Katika siku zile lilizuka swali, na mpaka leo linarudi kila vita vinapoleta watu. Swali ni hili: Je, inafaa kuwapa chakula na maji watu ambao miongoni mwao wamo wauaji?

Kwa kuwa hilo halikuwa dhana. Katika kambi zile walikuwemo wanajeshi wa jeshi lililoshindwa na wanamgambo wa Interahamwe, ambao mikono yao ilikuwa na damu. Walivaa nguo za kawaida, wakasimama foleni pamoja na vikongwe na watoto wachanga. Wengine wetu walisema, "Tusitoe kitu, tutawalisha wauaji." Wengine walisema, "Tutoe tu, Mungu ndiye anayejua." Kila upande ulikuwa na hoja, na kila upande uliacha nusu ya wajibu.

Angalieni kilichotokea. Mashirika yalikuwa na haraka ya kuokoa roho za watu, basi yakagawa chakula kupitia kwa viongozi waliojitokeza. Na waliojitokeza walikuwa wale wale waliokuwa mabwana kule walikotoka: mabugumesta, maofisa, na vijana wao wenye marungu. Wao ndio waliotaja idadi ya watu, na idadi ikaongezwa. Wao ndio waliopokea magunia. Wao ndio waliosema nani apate na nani akose. Waliuza ziada, wakapata fedha na nguvu, na aliyetaka kurudi kwao Rwanda alitishwa au kuuawa. Madaktari waliopima watoto waligundua kwamba watoto wa nyumba zinazoongozwa na wanawake walikuwa katika hatari zaidi ya kukonda kuliko wengine. Chakula kilikuwepo kambini, lakini kilipita kwenye mikono ya wenye nguvu kabla ya kumfikia mjane.

Novemba 1994, tawi la Ufaransa la Madaktari Wasio na Mipaka liliondoka kambini, likisema haliwezi kuendelea kuwaimarisha wauaji. Mengine yalibaki, yakisema hayawezi kumwacha mtoto afe kwa kosa la mwingine. Mwaka 1995 Shirika la Wakimbizi la Umoja wa Mataifa, chini ya Bi Sadako Ogata, lilihesabu watu upya na kulipia wanajeshi 1,500 wa Zaire walinde kambi. Lakini wenye silaha hawakutenganishwa na raia. Kambi zilibaki karibu na mpaka, ingawa mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969 unataka wakimbizi wawekwe mbali na mpaka kadiri inavyowezekana.

Mwisho wake mnaujua. Oktoba 1996 vita viliifikia kambi ya Kibumba. Watu kama 200,000 wakaikimbia kwa miguu kuelekea Mugunga, na Novemba mamia ya maelfu wakarudi Rwanda. Wengine waliingia misituni upande wa magharibi, na wengi wao hawakutoka. Waliouawa huko hawakuwa wauaji tu. Walikuwemo wanawake, wazee na watoto, ambao walikuwa wametekwa na wenzao kabla ya kuuawa na wengine.

3. JAWABU LA NABII YUSUF (A.S.)

Ndugu Waislamu, tukitafuta mwongozo wa jambo hili tusiende mbali. Tufungue Surat Yusuf.

Njaa ilikuwa inakuja Misri. Yusuf alimwomba mfalme amkabidhi ghala za nchi, na sababu aliyoitoa haikuwa ukoo wala cheo. Alisema kwamba yeye ni mtunzaji, tena anayejua kazi. Mambo mawili: uaminifu na ujuzi. Mwaminifu asiyejua hesabu ataibiwa. Mjuzi asiye mwaminifu ataiba mwenyewe.

Kisha njaa ilipovuka mipaka, wakaja watu kutoka Kanaani kutafuta nafaka. Ni akina nani hao? Ni ndugu zake, wale waliomtupa kisimani! Yeye aliwatambua, wao hawakumtambua. Hapa ndipo penye somo letu. Je, aliwafukuza? Hapana. Aliwapimia kipimo kamili, kila mtu mzigo wa ngamia wake, na bidhaa walizoleta za kulipia akaamuru zirudishwe mizigoni mwao kwa siri. Je, aliwaamini basi akawapa funguo za ghala? Hapana. Aliwauliza habari zao, akawawekea sharti, akawajaribu, na mizani ikabaki mkononi mwake mpaka alipoona wamebadilika.

Basi hili ndilo jawabu la swali letu la 1994. Mwenye njaa ana haki ya kula, hata akiwa amekukosea. Lakini dhalimu hana haki ya kushika kipimo. Hayo ni mambo mawili tofauti, na sisi tuliyachanganya. Waliosema "tusiwape" walimnyima mtoto haki yake. Waliosema "tugawe tu" walimpa dhalimu mizani.

Na asiseme mtu kwamba wale si wa dini yetu. Surat Al-Insan inawasifu wanaomlisha maskini, yatima na mateka kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, bila kutaka malipo wala shukrani. Na mateka wa zama zile alikuwa ni nani, kama si adui aliyekamatwa vitani? Wanachuoni wamefafanua hukumu za zaka na wanaostahiki kuipokea. Ama sadaka, mlango wake uko wazi kwa kila mwenye dhiki. Tena tukumbuke kwamba wakimbizi wa kwanza wa Kiislamu, walipoteswa Makka, walivuka bahari kwenda Uhabeshi, wakapokewa na Najashi, mfalme wa Kikristo. Wajumbe wa Makureshi walikwenda na zawadi wakidai wakimbizi warudishwe. Najashi hakuwarudisha kwa zawadi, wala hakukata shauri kwa kusikia upande mmoja. Aliwaita wakimbizi, akawasikiliza, kisha akawapa amani na kuzirudisha zile zawadi.

4. KOSA LANGU MWENYEWE

Nisiwanyoshee kidole watu wa mashirika peke yao. Mwishoni mwa mwaka 2022 vita vilipofika hapa Kibumba, tulikimbia sisi. Tulilala Kanyaruchinya, chini ya mabashi, juu ya mawe, na kolera ikatufuata kule kama ilivyowafuata wale. Mwenyezi Mungu alitukalisha pale pale tulipowaona wengine wamekaa.

Waislamu wa mjini walituchangia unga, maharage na sabuni, wakanikabidhi mimi. Nilikuwa nimechoka, na kulikuwa na mtu mmoja mchangamfu, hodari wa kuita watu. Nikampa daftari aandike majina. Sikulipitia. Siku ya kugawa alisoma majina kwa sauti nzuri, watu wakapokea, mimi nikafanya dua, nikarudi kwenye hema langu nimeridhika.

Jioni akaja mama mmoja mzee, jirani yangu kutoka hapa hapa Kibumba, na wajukuu watatu. Mfuko wake ulikuwa mtupu, ameukunja vizuri. Nikamwuliza, "Mama, jina lako halikusomwa?" Akanijibu kwa upole, "Shehe wangu, majina yanasomwa ya wale wanaomjua msomaji."

Nikalitafuta lile daftari. Nyumba moja imeandikwa mara tatu, kwa jina la baba, la mke na la mtoto. Na nyumba ambazo mwenyewe ni mjane hazimo. Yule bwana hakuwa muuaji. Alikuwa mtu kama mimi na wewe, mwenye shemeji na marafiki. Lakini niliona kwamba njia aliyoipita ni ile ile ya mwaka 1994, tofauti ni urefu wake tu. Na aliyemfungulia mlango ni mimi, kwa uvivu wa kuhesabu. Chakula changu cha usiku ule nilikigawa kwa mama yule, lakini nyumba nyingine zilizorukwa sikuwa na cha kuzipa.

Sayyidna Umar (R.A.) alipomkuta mwanamke usiku anachemsha sufuria tupu ili kuwatuliza watoto wake, hakumtuma mtu. Alikwenda ghalani, akajitwika unga mgongoni mwake mwenyewe, akakoka moto mpaka watoto wakala mbele ya macho yake. Msaada haukuishia ulipotoka ghalani. Uliishia tumboni mwa mtoto.

5. MAMBO YA KUFANYA

Basi ndugu zangu, wageni wakija tena, au sisi tukiondoka tena, tushike haya:

Kwanza, maji kabla ya maswali. Anayefika na kiu apewe maji bila kuulizwa kabila, dini wala alikotoka. Na kumuuzia maji mtu aliye hatarini kufa kwa kiu ni aibu kwa Mwislamu.

Pili, maji safi na choo vitangulie gunia. Kolera iliua haraka kuliko njaa. Baada ya mambo ya Goma, mashirika yalikaa kuanzia mwaka 1997 yakaandika vipimo vinavyoitwa Sphere, na humo kila mtu amekadiriwa angalau lita 15 za maji kwa siku. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa ya klorini. Mikono ioshwe kwa sabuni baada ya choo na kabla ya kula. Anayeharisha asicheleweshwe: apelekwe kwenye kituo cha afya, na njiani anyweshwe kidogo kidogo maji ya chumvi na sukari, yaani lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vya kusawazishwa.

Tatu, orodha iandikwe nyumba kwa nyumba, si chini ya mti. Waandike watu wawili wasio wa ukoo mmoja, na mmoja wao awe mwanamke, kwa kuwa yeye ataingia pale mwanamume asipoingia. Kisha isomwe mbele ya watu wote kabla ya siku ya kugawa, ili aliyerukwa aseme na aliyeandikwa mara mbili aonekane.

Nne, kipimo kiwe kimoja, na kionekane. Kopo lile lile kwa wote, mbele ya wote. Tunaijua onyo la Surat Al-Mutaffifin kwa wanaopunja vipimo. Hilo haliwahusu wauza duka peke yao.

Tano, mjane apokee kwa mkono wake. Asipokelewe na shemeji, wala mkuu wa kundi, wala kijana wa kambi. Vikongwe na wagonjwa wapelekewe walipo.

Sita, silaha isikaribie penye chakula. Mwenye bunduki asiandike majina, asilinde foleni, asigawe. Akijeruhiwa atibiwe, akiwa na njaa aweke silaha ale. Na ukimshuku mtu kwa uovu, usimhukumu wewe, wala usimpige mtu kwa kosa la kabila lake. Sheria ya wakimbizi ya mwaka 1951 yenyewe inamtenga aliyefanya jinai za vita na ukimbizi, lakini kumpambanua ni kazi ya wenye mamlaka baada ya kumsikiliza. Si kazi ya kundi lenye hasira barabarani.

Saba, wenyeji wasisahauliwe. Kambi za 1994 zilikata miti ya Hifadhi ya Virunga kwa kuni, na mashamba yetu yakakanyagwa. Mwenyeji aliyempokea mgeni chumbani mwake naye ahesabiwe katika mgao, ili ukarimu usimfanye maskini na umaskini usimfanye mwenye chuki.

Nane, hesabu itangazwe. Kilichoingia, kilichotoka, na kilichobaki. Kamati yetu ya sadaka itasoma hesabu kila Ijumaa baada ya swala, nami nitakuwa wa kwanza kuulizwa. Ulizeni. Msione haya kwa ajili ya kanzu yangu.

HITIMISHO

Ndugu Waislamu, mpaka wetu haujui nani mwenyeji na nani mgeni. Januari 2002 Nyiragongo ulipotema moto, watu wa Goma kwa mamia ya maelfu walikimbilia Gisenyi, katika nchi ile ile ambayo watu wake walikuwa wametukimbilia miaka minane kabla. Mei 2021 wengi wakavuka tena. Wakongo wamekaa katika kambi ya Kiziba huko Rwanda tangu mwaka 1996, na wengine Nakivale huko Uganda. Mwaka 2025 maelfu ya ndugu zetu wa Kivu Kusini walivuka mto Rusizi kuingia Burundi, na huku kwetu kambi nyingi za kandokando ya Goma zikavunjwa, watu wakarudi kwenye nyumba zisizo na mabati. Anayeshika kopo leo, kesho atashika bakuli. Basi pima kama unavyotaka upimiwe.

Wiki hii kila mmoja wetu afanye jambo moja: aitazame nyumba iliyo jirani yake iliyorudi mikono mitupu, alete jina la mwenye nyumba hiyo kwa kamati, na awe shahidi siku atakapopokea.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awarehemu waliokufa juu ya mawe haya, ambao majina yao hayakuandikwa popote ila kwake. Awape subira walio njiani usiku huu na watoto wao. Atusamehe tulipouza, tulipopunja, na tulipolala kabla ya kuhesabu. Ailinde nchi yetu na za majirani zetu, na atujaalie amani. Amin.

Wabillahi tawfiq.

(Tafadhali karatasi hii isitupwe ovyo. Ukishaisoma, mpe mwenzio.)